Yai la kuku, samaki, panya au organoidi: uchague kipi kuona nyuroni zikizaliwa ukiwa Dar

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mwaka wa pili kanipigia akiwa ndani ya mwendokasi, kelele kibao, "Kaka shikamoo, nimepewa projekti ya kuonyesha nyuroni zinavyozaliwa kwenye kiinitete, sasa sijui nichukue kuku, panya au wale samaki, na kuna mwenzangu anasema siku hizi ni organoidi tu." Nikamwambia marahaba, shuka kwanza hapo Magomeni tuongee vizuri. Tukaongea karibu lisaa zima, vocha yake ikaisha nikampigia mimi. Nimeona niyaandike maana hata walimu wa baolojia wa sekondari wananiulizaga hivohivo, na kila mmoja anaanza na "ipi nzuri" wakati cha kujiuliza kwanza ni unataka kuona nini hasa, kwa sababu hivi vinne havionyeshi kitu kimoja.

Basi tuelewane kwanza kinachotafutwa. Nyuroni ni zile seli za ubongo na neva zinazopeleka ishara mwilini, na organoidi ni kijibonge cha seli kinacholelewa maabara kikajifanya ubongo mchanga, nitafika huko. Alafu Kiswahili chetu kimeita cha yai kiini na cha seli kiini, kwa hiyo humu nikisema kiini ni cha seli tu, cha yai nitaita njano, tusije tukachanganyana.

Kiinitete kikiwa kichanga kabisa kina bamba la seli mgongoni, limelala bapa kama chapati. Bamba linaanza kujikunja, kingo zinainuka, zinakutana juu zinashikana, unapata mrija. Mbele ya mrija panavimba panakuwa ubongo, nyuma panakuwa uti wa mgongo. Kwa binadamu bamba linatokea wiki ya 3 na mrija unakuwa umefungwa kufikia kama siku ya 28, yani wakati huo wamama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Mrija ukishindwa kufunga kwa chini ndo hao watoto wenye mgongo wazi wanaofanyiwa upasuaji pale MOI, taasisi ya mifupa Muhimbili, na ndo maana foliki asidi inatakiwa kuanzwa kabla ya mimba, ukisubiri mpaka siku ya kwanza ya kliniki mrija ulishamaliza mambo yake zamani.

Sasa ukuta wa huo mrija mwanzoni ni seli mama tupu, hamna nyuroni hata moja. Kila seli imejinyoosha kutoka ukingo wa ndani mpaka wa nje, na kiini chake kinapanda na kushuka kama lifti ya ghorofa Kariakoo: kikiwa juu, upande wa nje, kinanakili DNA, kikimaliza kinashuka mpaka chini kabisa, ukingo wa ndani, na hukohuko chini ndo seli inagawanyika. Mtafiti Sauer alilieleza hili mwaka 1935, kabla yake watu waliona viini viko ngazi tofauti wakadhani ni aina tofauti za seli, kumbe ni seli zilezile ziko kwenye safari. Mwanzoni mgawanyiko unatoa mama wawili, hapo ni kuongeza jeshi tu. Baadaye unaanza kutoa mmoja anayebaki mama na mmoja anayeacha kugawanyika moja kwa moja, anapanda nje, anakuwa nyuroni. Nyuroni haigawanyiki tena, imetoka hiyo.

Nani anaruhusiwa kuwa nyuroni na nani abaki mama? Hapa chukua daladala ya jioni pale Mnazi Mmoja. Watu wote wanataka siti, mmoja anatupa mkoba kupitia dirishani, siti imewahiwa, walio jirani yake wanabaki wamesimama. Seli inayowahi inatoa protini inaitwa Delta juu ya ngozi yake, jirani wanaipokea kwa protini nyingine inaitwa Nochi, na akishaipokea jirani anazuiwa kuwa nyuroni, anaendelea kuwa mama. Unaweza kuona kama ni uonevu lakini ndo inayookoa ubongo, kwa sababu hao waliosimama ndo watakaozaa nyuroni za safari zinazofuata. Wote wakikaa siku ya kwanza, kesho hamna wa kuzaa.

Kwa hiyo una vitu vitatu vya kuchagua kuonyesha: mrija unavyojikunja, seli inavyoamua kuwa nyuroni, na nyuroni zinavyojipanga matabaka kwenye ubongo wa mbele. Shika hapo, maana ulinganisho wote unarudi kwenye hivi vitatu.

Naanza na yai kwa sababu ndo ninalolijua kwa mikono na ndo lililonitia aibu kwanza. Mara ya kwanza nilinunua trei dukani, mayai makubwa safi, nikaweka kwenye inkubeta siku 2, nikapasua 12 mbele ya watu, njano tupu. Si nilijisahau kwamba mayai ya kisasa ya dukani yanatoka kwa kuku wa mayai wasiowekewa jogoo, hayana mbegu hata uyaatamie mwaka mzima. Mara ya pili nikaenda sokoni kwa mama mmoja muuza kienyeji, nikamuuliza "Mama, haya yana jogoo?" akacheka mpaka akashika meza, "Mwanangu, jogoo wangu hapumziki." Na kweli mbegu zilikuwepo, lakini mayai yalikuwa yameshakaa juani siku kadhaa, nikapata viinitete vya umri mchanganyiko na vingine vimekufa vimeacha pete ya damu tu. Hii ni ishu ya Dar hasa. Yai lenye mbegu likikaa kwenye ubaridi wa nyuzi kama 13 hadi 18 kiinitete kinalala, kinasubiri hata wiki bila shida, ila joto likipita nyuzi kama 24 kinaanza kukua taratibu na vibaya, na joto la chumba Dar nani asiyelijua. Friji ya nyumbani nayo ni baridi mno kwa siku nyingi. Mi nayaweka kwenye chumba chenye AC iliyoshushwa mpaka mwisho, na nanunua kwa mtu anayetotolesha vifaranga ambaye anaokota mayai kila siku, siyo sokoni tena, mama anisamehe.

Ukishavuka hapo, yai halina mpinzani kwenye mrija. Joto nyuzi 37.5 hadi 38, yai limelazwa ubavu ili kiinitete kielee juu, ukifika masaa kama 26 hadi 29 kingo za bamba zinaanza kukutana maeneo ya ubongo wa kati, na masaa 33 hadi 38 unaona vivimbe vitatu vya ubongo vimesimama, mbele, kati, nyuma, na moyo umeanza kupigapiga pembeni. Hatua zote 46 za ukuaji wa kuku zimeshapangwa na watafiti Hamburger na Hamilton tangu 1951, yani mwanafunzi anahesabu tu vipande vya misuli pembeni ya mrija anakwambia yuko hatua ya ngapi. Vifaa ni sirinji, mkasi mdogo, kibano, sahani, na salaini ya duka la dawa. Unanyonya ute mililita 2 au 3 ili kiinitete kishuke kisiguse ganda, unakata dirisha juu. Ukitaka kukitoa unakata pete ya karatasi ya kuchujia, unailaza juu ya njano kiinitete kikiwa kwenye tundu, unakata kuzunguka, unainua. Mara ya kwanza utachana, ya tano utaweza.

Ila tusidanganyane, hapo umeona mrija, nyuroni bado hujaiona. Kuona nyuroni unahitaji antibodi, yani protini zinazonata kwenye seli unayoitafuta na kuitia alama, nazo ni za bei mbaya, au njia ya mtu maskini ambayo mi naipenda zaidi: acha yai mpaka siku ya 4, peleka kiinitete maabara yoyote inayokata vipande vya nyama kwenye nta, waombe rangi yao ya kawaida ya hematoksilini na eosini. Kwenye kipande cha uti wa mgongo utakuta seli zinazogawanyika zimejipanga zote kwenye ukingo wa ndani kabisa, chini ya lifti, na nje pembeni kuna tabaka jipya jepesi, hizo ndo nyuroni changa zilizoacha kugawanyika, hasa za misuli upande wa tumboni. Slaidi moja inakupa hadithi nzima na ukiwa na maikroskopu ya kawaida ya shule unaiona.

Na usione yai kama mambo ya kishamba. Cajal, yule Mhispania mtafiti wa ubongo, alitumia viinitete vya kuku kwa rangi ya fedha na mwaka 1890 akaeleza ncha ya nyuroni inayotambaa kutafuta njia. Rita Levi-Montalcini alipozuiwa kazi na sheria za kibaguzi za Italia za 1938 aliweka maabara chumbani kwake Turin, sindano za kushonea zimenolewa, mabomu yanaanguka, anawaambia wakulima mayai ni ya watoto wake. Hamburger alikuwa ameshaonyesha kwamba ukikata chipukizi la bawa au mguu wa kifaranga nyuroni za upande ule zinapungua, akadhani hazikuzaliwa. Rita akaangalia siku kwa siku akaona hapana, zinazaliwa vizuri tu alafu zinakufa kwa kukosa chakula kutoka kwenye kiungo. Hiyo tofauti ya kuzaliwa na kubaki hai ndo iliyofungua njia ya Nobel yake ya 1986, imeanzia kwenye mayai. Mtu mwenye chumba kimoja Tandale asiniambie hana nafasi.

Umeme ukikatika? Saa moja mbili yai linavumilia, usifungue mlango wa inkubeta tu.

Sasa samaki. Hawa ni wale wadogo wenye mistari kama pundamilia, kwa Kiingereza zebrafish, asili yao India, Bangladeshi na huko Nepali, na George Streisinger wa Oregon ndo aliyewafanya wanyama wa maabara, kazi yake ikatoka 1981. Hapa kuna raha moja ambayo wazungu hawana na sisi tunayo: kiinitete chake kinataka nyuzi 28.5. Hilo ni joto la sebuleni kwako. Wao wanalipia hita, wewe unafungua dirisha. Hamna inkubeta, hamna wasiwasi wa LUKU usiku, na ganda lenyewe ni kioo, unaangalia mnyama mzima akijijenga bila kumkata wala kumuua.

Kasi yake ni ya ajabu. Usiku unatenganisha dume na jike, asubuhi mwanga ukiingia unawaunganisha wanataga, jike mmoja mamia ya mayai, na uweke gololi chini ya beseni maana wanakula mayai yao wenyewe bila huruma. Yaliyorutubishwa saa 1 asubuhi, kufikia saa 11 jioni nyuroni za kwanza zimeshaanza kujitenga. Masaa kama 17 mkia unaanza kurukaruka wenyewe, yani nyuroni zimeshaungana na misuli unaziona zikifanya kazi, mwanafunzi wa form two anapiga kelele. Siku 1 kamili sehemu za ubongo zinahesabika. Kwa swali la Nochi na Delta ndo mwenyewe kabisa: kuna samaki mwenye hitilafu aliyepewa jina la mind bomb, yani bomu la akili, ambaye ile ishara ya Delta haifanyi kazi sawasawa, seli nyingi kupita kiasi zinakimbilia kuwa nyuroni siku ya kwanza na akina mama wanaisha. Ile daladala ambayo wote wamekaa.

Mabaya yake ni mawili, la pili ndo kubwa. La kwanza maji: bomba lina klorini inabidi ulaze siku nzima na pampu ya hewa, kisima cha Dar kina chumvi, mi nimeua kundi zima kwa maji ya kisima nikidhani nabana matumizi. La pili, mrija wake haujikunji kama wetu. Bamba linazama linakuwa kama mwiko usio na tundu, tundu linafunguka baadaye katikati. Kwa hiyo mtu anayetaka kueleza mgongo wazi kwa kutumia samaki huyu atawachanganya watu, hapo rudi kwenye yai.

Kwa pembeni kidogo, kila nikiongea haya najiuliza kwa nini hatutumii wa kwetu. Madimbwi ya msimu ya pwani yana samaki wa jamii ya Nothobranchius, kuna mmoja, guentheri, ni wa Unguja tu, mayai yao yanalala kwenye udongo mkavu miezi mpaka mvua irudi. Kiinitete kinachosimamisha ubongo wake kikisubiri masika. Mtu afanye hiyo jamani.

Panya sitarefusha. Ukitaka matabaka ya gamba la ubongo, yani ile sehemu ya juu inayofunika ubongo wa mbele, huna namna, ni panya, kwa sababu kuku hana gamba la tabaka 6, nyuroni zake za mbele zimejipanga kwa mafungu, na samaki ndo kabisa. Kwa panya nyuroni za gamba zinazaliwa kuanzia kama siku ya 11 ya mimba hadi ya 17, zinapanda kwenye seli mama ndefu kama wakwea minazi, na waliochelewa kuzaliwa wanawapita waliotangulia wanakaa juu yao, kinyume na ujenzi wa ghorofa lolote. Ile seli ndefu watu waliiona kama ngazi tu, mpaka 2000 na 2001 ndo ikathibitika ngazi yenyewe ndo mama, inazaa nyuroni na inamsindikiza mtoto. Safi sana. Ila kila mara ukitaka viinitete lazima uue jike mjamzito, unahitaji banda, kibali cha kamati ya maadili, mtu wa kuangalia kila asubuhi nani kapandwa ili uhesabu siku, na kila kitu kiko gizani tumboni, huoni mpaka upasue. Kwa projekti ya muhula mmoja mi nakataza. Kwa masters mwenye msimamizi mwenye banda tayari, nenda.

Na huyo wa organoidi. Ni kweli inavutia, unachukua seli za ngozi au damu ya mtu, unazirudisha nyuma kuwa seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli ya aina yoyote, kwa njia ambayo Mjapani Yamanaka aliianza na panya 2006 na binadamu 2007, unazilea zinajikusanya zinajenga kitu kama ubongo mchanga chenye seli mama na nyuroni za binadamu. Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich walitoa ya kwao Vienna 2013, ina milimita chache tu. Umuhimu wake uko sehemu moja: pale swali linapohusu binadamu mwenyewe. Sisi tuna seli mama za ziada kwa wingi upande wa nje wa ukuta, panya anazo kiduchu, na hizo zinahusishwa na ukubwa wa gamba letu. Au Zika, kirusi kilichopatikana hapa jirani msitu wa Zika karibu na Entebbe 1947, watoto walipozaliwa na vichwa vidogo Brazili ni organoidi zilizosaidia kuonyesha kwamba kinashambulia hizohizo seli mama.

Ila uangalie unaingia wapi. Inkubeta ya gesi ya kaboni, chakula cha seli kinachoagizwa nje kwenye barafu na kikikwama siku tatu pale kwenye mizigo umeumia, kubadilisha kila baada ya siku chache kwa miezi bila kukosa Jumapili wala Idi, jenereta, na hata ukifanikiwa haina mishipa ya damu kwa hiyo katikati panakufa. Na haina mrija mmoja, inakuwa na vijitundu vingi kila kimoja kinajifanya ubongo. Mwanafunzi anayechagua hii ili aonekane wa kisasa namuonea huruma. Kama kuna maabara tayari inafanya na unaingia kama msaidizi, ingia mbio ukajifunze.

Chura, inzi na yule mnyoo mwenye nyuroni 302 tu nimewaacha makusudi, ni wazuri, ila mnyoo hana mrija na inzi anajenga kwa mpangilio wake mwingine.

Kwa hiyo nikikaa nawe mezani nakuuliza hivi. Unamfundisha nani na kuhusu nini? Wauguzi, wakunga, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mambo ya foliki na mgongo wazi: yai, usifikirie mara mbili. Kuamua nani awe nyuroni, au unataka kitu hai cha kuvuta watoto wa sekondari: samaki, ilimradi umeshapata maji. Matabaka: panya wa mtu mwingine. Binadamu tu na si vinginevyo: organoidi za mtu mwingine vilevile. Bajeti ikiwa ya mfukoni kwako, yai na samaki wanakaribiana, ila yai linahitaji umeme na samaki anahitaji wewe kila siku, hata ukiwa msibani Tanga. Ukichanganya, yai kwa mrija na samaki kwa nyuroni, unapata karibu kila kitu isipokuwa matabaka.

Ukiwa na hela kidogo ya ziada kwenye yai kuna kitu cha kuota: elektroporesheni. Unachoma ndani ya mrija DNA inayoifanya seli iwake kijani, unapitisha umeme mdogo, DNA ina chaji hasi inakimbilia upande wa chanya tu, nusu ya mrija inawaka kijani na nusu haijaguswa. Kiinitete kimoja kina jaribio na kilinganishi ndani yake. Sijaona mnyama mwingine anayekupa hiyo kwa wepesi huo.

Dogo kachagua mayai. Tumepanga achukue 18 kwa mtotoleshaji Alhamisi mchana, ayaache yatulie, ayaingize saa 3 usiku, na Jumamosi saa 3 asubuhi yatakuwa na masaa 36, tutafungua 10 pamoja nione mikono yake. Yanayobaki yanakaa mpaka Jumatatu usiku kwa ajili ya nta. Nimemwambia aje na mkasi wake, wangu siazimishi.